Sinéad O'Connor: walimwita kichaa ili wasimjibu

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wimbo wa "Nothing Compares 2 U" wa Sinéad O'Connor, mwimbaji wa Ireland, bado unapigwa sana kwenye vipindi vya usiku vya redio zetu, na kila unapopigwa hakosekani mtu wa kuandika mtandaoni: "Huyu si yule mwenye kipara aliyechana picha ya Papa? Alikuwa chizi yule." Wenzake wanakubali, wanaendelea na mambo mengine. Albamu kumi, watoto wanne, miaka 56 ya kuishi, vyote vimefungwa kwenye neno hilo moja.

Nimemfuatilia kwa miaka mingi na jambo hili linaniuma, ndiyo maana nimeleta uzi. Utakuwa mrefu, naomba uvumilivu wenu. Ninachosema ni hiki: Sinéad O'Connor aliumwa kweli, na Sinéad O'Connor alisema kweli. Magazeti na runinga vililikamata la kwanza ili visiguse la pili. Alipokufa vikageuka, vikalikamata la pili, vikamwita shujaa aliyeona mbele ya wenzake, na yale mateso yake vikayapita juu juu. Mara zote mbili hakuna aliyetaka kumtazama kama binadamu kamili.

Tuanze alikotoka, maana bila hapo hakuna kinachoeleweka.

Alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 8 Desemba 1966. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo. Mama yake, kwa maelezo ambayo Sinéad aliyarudia maisha yake yote, alikuwa akimpiga kikatili, akimvua nguo, akimfungia nje. Alipoanza kudokoa vitu madukani akiwa binti mdogo, alipelekwa An Grianán, nyumba ya kurekebisha wasichana iliyokuwa chini ya watawa huko Drumcondra. Eneo lile lile, High Park, ndipo ilipokuwa mojawapo ya zile nyumba za kufulia za Magdalena. Wasichana waliozaa nje ya ndoa, waliobakwa, au walioonekana tu kuwa wasumbufu, waliwekwa humo kufua nguo za watu bila ujira, na wengine hawakutoka hadi kufa kwao. Sinéad alisimulia kwamba kuna usiku alipewa adhabu ya kwenda kulala kwenye wodi ya vikongwe wanaokaribia kufa, wanawake wanaoita na hakuna anayewaitikia, na baadaye ndipo akatambua ni kina nani wale. Mwaka 1993 watawa walipouza sehemu ya ardhi ya High Park, kaburi la pamoja lilifukuliwa na ikapatikana miili 155 ya wanawake. Baadhi yao hawakuwa hata na cheti cha kifo.

Nitasema na hili, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha: aliyemnunulia gitaa ni sista mmoja wa hapo hapo An Grianán.

Mama yake alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1985. Sinéad alikuwa na miaka 18. Akaenda London kufanya muziki, na mkubwa mmoja wa kampuni iliyomsajili akamtaka afuge nywele na avae sketi fupi apendeze. Akaenda kunyoa kichwa chote. Hiki kipara ambacho magazeti yalikifanya ushahidi wa wazimu kwa miaka thelathini kilikuwa jibu la msichana wa miaka ishirini hivi aliyekataa kuuzwa kwa sura. Alipopata ujauzito alisema alishinikizwa autoe, akakataa hilo pia. Mtoto alizaliwa 1987, na albamu yake ya kwanza ikatoka mwaka huo huo.

Mwaka 1990 ndipo dunia ikamjua. Wimbo wa "Nothing Compares 2 U" aliutunga Prince, mwanamuziki wa Marekani, lakini aliyeufanya uishi ni Sinéad na ile video ya uso wake peke yake. Machozi yale hayakupangwa. Alisema ulipofika ule mstari unaomtaja mama, alimkumbuka mama yake. Hebu fikirieni: analia kwa ajili ya mtu aliyemtesa, kamera inamwangalia, na dunia nzima inadhani analilia mwanamume.

Umaarufu ule aliutumia kukataa mambo, na watu hawakumsamehe. Mei 1990 alikataa kutokea kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Marekani, kwa sababu mwongozaji wa usiku ule alikuwa mchekeshaji Andrew Dice Clay, aliyejulikana kwa kudhalilisha wanawake. Agosti mwaka huo hakutaka wimbo wa taifa wa Marekani upigwe kabla ya onyesho lake kule New Jersey, na mwimbaji mkongwe Frank Sinatra akatangaza jukwaani kwamba anastahili kupigwa teke. Mwaka 1991 alishinda Grammy akaikataa, akisema tuzo zile zinapima mauzo na si sanaa. Kwenye albamu ile ile iliyouza mamilioni alikuwa ameimba juu ya vijana weusi waliokufa mikononi mwa polisi wa Uingereza. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu kichwa chake.

Kwa hiyo, kabla hajagusa picha ya mtu yeyote, alikuwa ameshabandikwa jina. Mkorofi. Mwenye matatizo.

Sasa ule usiku. Tarehe 3 Oktoba 1992, New York, Saturday Night Live, matangazo ya moja kwa moja. Amevaa gauni jeupe, mbele yake mishumaa. Anaimba "War" ya Bob Marley bila ala hata moja, na mahali fulani anabadilisha maneno yaliyohusu ubaguzi wa rangi, anaweka unyanyasaji wa watoto. Kwenye mazoezi alikuwa ameinua picha ya mtoto, na watayarishaji walidhani ataifanya hivyo tena. Akainua picha ya Papa Yohane Paulo II. Akaichana mara kadhaa huku akiitazama kamera, akasema: "Piganeni na adui wa kweli." Akazipuliza zile taa za mishumaa zikazimika. Ukumbini hakuna aliyepiga makofi, na Lorne Michaels, mkuu wa kipindi, aliagiza taa ya kuwaambia watazamaji wapige makofi isiwashwe.

Picha ile ilikuwa ya mama yake. Ilikuwa imetundikwa ukutani chumbani kwa mama, tangu Papa alipozuru Ireland mwaka 1979. Kule Galway Papa aliwaambia vijana wa Ireland kwamba anawapenda, na Sinéad aliandika baadaye kwamba yeye hakuona mtu yeyote aliyekuwa akiwapenda watoto wa nchi ile. Aliichukua mama alipokufa, akaitunza miaka saba akisubiri siku yake.

Wiki iliyofuata mwongozaji wa kipindi alikuwa mwigizaji Joe Pesci. Akaonyesha picha iliyounganishwa kwa gundi, akasema kama kingekuwa kipindi chake angemzaba kofi. Watu wakacheka na kupiga makofi. Naomba tulitazame hilo vizuri: binti aliyelelewa kwa kipigo amesema watoto wanaumizwa, na jibu la runinga ya taifa kubwa ni mwanamume kuahidi kumpiga, na ukumbi ukafurahi. Mwezi huo huo kanda na santuri zake zilisagwa barabarani New York kwa mtambo wa kushindilia lami.

Tarehe 16 Oktoba, siku kumi na tatu tu baadaye, alipanda jukwaa la Madison Square Garden kwenye tamasha la kumuenzi mwanamuziki Bob Dylan. Mwimbaji Kris Kristofferson alimkaribisha kwa maneno ya heshima kuhusu ujasiri wake. Ukumbi ukamzomea. Alisimama kimya kwa muda mrefu mno, mikono nyuma. Kristofferson aliwahi kueleza kwamba aliagizwa akamtoe. Alimwendea, akamnong'oneza kwamba asikubali wale wamwangushe. Sinéad akamjibu kwamba hajaanguka. Wimbo wa Dylan uliopangwa hakuuimba. Aliimba tena "War," kwa sauti ya kupayuka juu ya zomeazomea, akashuka, akamkumbatia Kristofferson.

Kuna wanaodai kwamba hakujieleza. Alijieleza. Novemba mwaka huo huo alizungumza na jarida la Time, akasema hakumlenga yule mtu bali kile anachowakilisha, na akasema wazi kwamba nchini kwake watoto wananyanyaswa na mapadre. Ilichapishwa. Waandishi walikuwa na kauli mbele yao, ya mtu aliyepitia mikononi mwa taasisi hizo, na wangeweza kupanda ndege kwenda Dublin kuuliza. Wengi walichagua kuandika kuhusu akili yake. Na kumbukeni, mwaka 1992 hakuna daktari aliyekuwa amesema chochote hadharani juu ya afya yake. Vyumba vya habari ndivyo vilivyompima na kumpa ugonjwa.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1994 kesi ya padre Brendan Smyth, aliyenyanyasa watoto, ilitikisa Ireland hadi serikali ya Albert Reynolds ikaanguka. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilifichua unyanyasaji kama huo wa mapadre wa Boston, Marekani. Mwaka 2009 zilitoka ripoti mbili za tume, ya Ryan kuhusu shule na nyumba za watoto, na ya Murphy kuhusu jinsi Jimbo Kuu la Dublin lilivyoyafunika malalamiko. Machi 2010 Papa Benedikto XVI aliwaandikia Wakatoliki wa Ireland barua ya kuomba radhi. Februari 2013 waziri mkuu Enda Kenny aliwaomba radhi wanawake wa Magdalena bungeni. Ile nyumba ya kufulia ya mwisho ilikuwa imefungwa mwaka 1996 tu, yaani miaka minne baada ya picha kuchanwa.

Nani alimrudia Sinéad akamwambia, "Ulikuwa sahihi"? Wachache, na wamechelewa. Time lilimtaja kuwa mwanamke wa mwaka 1992, lakini lilifanya hivyo mwaka 2020.

Naleta sehemu ya pili, nayo ni ngumu zaidi kwangu kuiandika. Ugonjwa ulikuwepo. Mwaka 2007 alimwambia Oprah Winfrey kwamba alikuwa ameambiwa ana baipola, ugonjwa wa akili unaobadilisha hisia kupita kiasi; baadaye akasema madaktari wengine walilipinga hilo, na kwamba tatizo ni majeraha ya utotoni. Alilazwa hospitali mara nyingi. Agosti 2017 alijirekodi kwenye chumba cha nyumba ya wageni ya barabarani, New Jersey, akilia, akisema yuko peke yake, na kwamba unyanyapaa unaua wagonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Video ikasambaa dunia nzima. Mwezi uliofuata yuko kwenye kipindi cha mahojiano cha Dr. Phil cha runinga ya Marekani, mamilioni wanamtazama. Hapo hapakuwa tena na Papa wala kanisa wala siasa, ni mtu anayeomba msaada, na bado vyombo vya habari vilijua kazi moja tu: kuonyesha.

Januari 2022 mwanawe Shane, kijana wa miaka 17, alifariki. Tarehe 26 Julai 2023 Sinéad naye alikutwa amefariki nyumbani kwake London. Ndani ya saa chache mitandao ilikuwa imeshahukumu: kajiua. Watu waliandika kwa uhakika kabisa, na rambirambi nyingi zilijengwa juu ya dhana hiyo. Januari 2024 ofisi ya mchunguzi wa vifo ikasema kifo kilikuwa cha asili, na baadaye cheti kikaonyesha ni ugonjwa sugu wa mapafu na pumu pamoja na maambukizi ya kifua. Masahihisho hayo hayakusambaa hata robo ya ule uvumi.

Nawasilisha. Karibuni.

#2

Mkuu, nimesoma yote. Mimi ni Mkatoliki, nimezaliwa na kukulia Moshi. Papa Yohane Paulo II alikuja Tanzania Septemba 1990 na wazazi wangu walikwenda kumwona. Picha yake iko sebuleni kwetu hadi leo, na sasa ni mtakatifu. Unapoeleza uchungu wa huyu dada nakuelewa, lakini unatuambia nini sisi tunaoumia kuona picha ile ikichanwa? Kulikuwa na njia nyingine ya kusema. Angeweza kuwataja wahusika.

#3 (mleta uzi)

Nashukuru umesema kwa utulivu, na sitakuambia usiumie. Picha ya sebuleni kwenu ina maana yake kwenu, na hakuna anayepaswa kuwacheka wazazi wako.

Lakini swali la njia nyingine tulijibu kwa kuangalia wengine waliotumia njia hizo nyingine. Ripoti ya Murphy imejaa wazazi waliokwenda kwa askofu kimyakimya, kwa heshima zote, wakapokewa vizuri, na padre akahamishiwa parokia nyingine yenye watoto wengine. Waliotaja wahusika kwa adabu walikuwepo. Faili zao ziliwekwa kabatini. Ukisoma hayo, ndipo unaelewa kwa nini mtu mwenye jukwaa kubwa kuliko lolote alilowahi kupata aliamua kufanya kitu kisichoweza kuwekwa kabatini.

Na yeye hakuacha kumpenda Mungu. Mwaka 1999 alikubali kupewa upadre na kikundi kilichojitenga na Roma, jambo ambalo kanisa halikulitambua na magazeti yalilichekelea. Mwaka 2010, barua ya Papa Benedikto ilipotoka, aliandika kwenye Washington Post kwa uchungu wa mtu wa ndani ya nyumba. Anayelichukia kanisa hapotezi miaka thelathini akiliambia lijirekebishe.

#4

Mleta uzi unampamba sana. Nakumbuka mwaka 2018 aliandika kwamba hataki tena kukaa na watu weupe wasio Waislamu, akawaita wachafu. Alitangaza kustaafu muziki kisha akarudi. Alibadili majina. Aligombana na ndugu zake hadharani. Mtu wa namna hii ukiwa mwandishi utamwandikaje? Utaficha?

#5

Naomba nichangie kidogo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi na wagonjwa wa akili, sitataja wapi.

Kosa ambalo naliona kila siku ni familia kuacha kumsikiliza mgonjwa kuanzia siku anapopewa jina la ugonjwa. Akisema kuna mtu alimgusa vibaya, wanasema ni ugonjwa unaongea. Akisema dawa inamdhuru, ni ugonjwa. Akilalamika kwamba kaka yake amemdhulumu shamba, ni ugonjwa. Na mara nyingi tukifuatilia tunakuta kweli shamba limeuzwa. Watu waovu wanalijua hili vizuri sana, ndiyo maana wanachagua wa kumdhulumu.

Hapa kwetu ukitofautiana na mtu kwenye mjadala anakuambia "nenda Mirembe." Kenya wanakuambia Mathari. Ile ni hospitali, watu wanatibiwa pale na wanapona wanarudi makwao. Tumeigeuza tusi, halafu tunashangaa kwa nini ndugu zetu wanaogopa kwenda hadi hali inakuwa mbaya.

Na #4, kustaafu ghafla, kurudi, kugombana, hayo yanaweza kuwa dalili, au hasira tu, au huzuni. Kwa kumtazama kwenye simu siwezi kukuambia ni lipi, na nimesomea kazi hii. Huyo mwandishi anajuaje?

#6 (mleta uzi)

Muuguzi, ahsante sana. Umelisema kwa ufasaha kuliko mimi.

#4, hapana, asifiche. Yale maneno ya 2018 yalikuwa mabaya na yaliwaumiza watu wasio na hatia, na mwenyewe aliomba radhi mwaka uliofuata. Mwandishi aandike maneno, aandike na radhi. Aandike alistaafu na akarudi. Mimi sitaki Sinéad wa kuchongwa sanamu, kwa sababu sanamu ni namna nyingine ya kumkataa mtu.

Ninachodai ni kipimo kimoja kwa wote. Kuna wanamuziki wanaume waliovunja vyumba vya hoteli, waliopiga wake zao, waliopanda jukwaani hawajitambui kwa dawa, na waliitwa wasanii wenye roho ya uhuru. Sinatra alitishia kumpiga teke msichana wa miaka 23 mbele ya umati, na hakuna gazeti lililouliza kama akili yake iko sawa. Pesci naye hivyo hivyo.

Tena tazama mpangilio. Mtu akisema jambo zito, kwanza anaitwa chizi. Maneno yanamtenga, kazi zinapungua, marafiki wanajitoa. Upweke unamuumiza, anaanza kuandika vibaya usiku wa manane. Halafu tunayachukua yale ya usiku wa manane kuthibitisha kwamba tulikuwa sahihi tangu mwanzo. Magazeti yetu ya udaku yanafanya hivi hivi kwa wasanii wetu waliopata matatizo ya dawa za kulevya. Picha ya msanii akiwa amelala kibarazani inawekwa ukurasa wa mbele, na mwaka mmoja baadaye gazeti lile lile linaandika "tulimpenda." Majina mnayajua, sitayataja kwa sababu baadhi wako hai wanajitahidi kupona, na wana watoto wanaosoma.

#7

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Mombasa. Nashangaa uzi wote huu hujataja kwamba alikufa Muislamu. Alisilimu Oktoba 2018, akajiita Shuhada. Siku alipofariki nilitafuta kwenye mashirika makubwa ya habari, wengine walilitaja kwa sentensi moja chini kabisa na wengine hawakulitaja. Picha zilizowekwa zote ni za 1990, hakuna yenye hijabu. Hata huku kumuonea huruma wamemchagulia yupi wa kumuonea.

#8 (mleta uzi)

Waalaykum salaam. Una haki ya kulalamika, na hoja yako imekaa ndani kabisa ya ninachosema.

Aliposilimu aliandika kwamba huko ndiko safari ya mtu yeyote mwenye akili anayetafakari dini inakoishia. Sheikh Umar al-Qadri wa Dublin aliweka video yake akitamka shahada. Aliendelea kutumia Sinéad kwa kazi za muziki, ila jina lake alilojichagulia lilikuwa Shuhada' Sadaqat, na alikuwa akipanda jukwaani na hijabu. Vyombo vingi viliiandika habari ile kama kituko kingine: alikuwa padre, sasa Muislamu, kesho atakuwa nini. Wangeweza kuona mtu mmoja aliyemtafuta Mungu tangu utotoni bila kuchoka. Rasta, Zaburi, Kurani, vyote viko kwenye kazi zake ukisikiliza kwa mfululizo.

Kwenye mazishi, tarehe 8 Agosti 2023, Sheikh al-Qadri ndiye aliyeongoza sala, na Michael D. Higgins, Rais wa Ireland wakati huo, alihudhuria. Kisha jeneza likapitishwa Bray, mji wa pwani alikoishi miaka mingi, maelfu wakajipanga barabarani. Watu wa Bray walimpa heshima yake pamoja na dini yake. Wahariri ndio walioshindwa.

#9

Mimi ni mtu wa reggae, nimekaa kimya nikisoma. Wakuu wengi hawajui kwamba maneno ya "War" si ya Marley peke yake. Ni hotuba ya Mfalme Haile Selassie, Umoja wa Mataifa, 1963. Marley aliitia muziki mwaka 1976. Mle ndani zimetajwa Angola, Msumbiji na Afrika Kusini, na wakati wa hotuba ile Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, wako hapa hapa Dar es Salaam wanajiandaa. Kwa hiyo usiku ule wa Madison Square Garden waliokuwa wakimzomea walikuwa wanazomea hotuba ya Mwafrika. Hilo huwa silisikii likisemwa.

Mleta uzi, kwa mtu anayejua wimbo mmoja tu wa huyu dada, aanzie wapi?

#10 (mleta uzi)

Umenikumbusha jambo kubwa. Na ndiyo maana aliuchagua: Selassie alisema hapatakuwa na amani mahali popote maadamu kuna watu wanaohesabiwa kuwa duni kuliko wengine, na Sinéad akaona watoto wamo kwenye hesabu hiyo. Mtu anaweza kusema aliuharibu wimbo wa Marley. Mimi naona aliuendeleza, kama Marley alivyoiendeleza hotuba.

Kwako wewe mtu wa reggae, anza na "Throw Down Your Arms" ya 2005. Alikwenda Kingston, Jamaika, akairekodi na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare. Nyimbo za Burning Spear zimo, wa Peter Tosh umo, na ya mwisho kabisa ni hiyo "War." Hakuziigiza, aliziimba kwa unyenyekevu wa mtu aliyelelewa nazo.

Wanaopenda sauti tulivu waende "Universal Mother" ya 1994. Aliitoa miaka miwili tu baada ya zomeazomea, na utasikia mama na watoto kwenye kila kona. Wanaopenda nyimbo za kale za Ireland watafute "Sean-Nós Nua" ya 2002. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 2021, na humo anasema kwamba kuchana picha hakukuharibu kazi yake. Kilichoiharibu ni kuwa na wimbo namba moja, na picha ndiyo iliyomrudisha kwenye njia yake ya kuwa mwimbaji wa kupinga.

#2, kama bado upo, ningependa kusikia ulionaje majibu yangu. Hata kama hatukubaliani.

#11

Nipo mkuu. Ile habari ya mapadre kuhamishwa parokia sikuijua kwa undani, nimeanza kuisoma ripoti jana usiku na sikuweza kumaliza. Kuchana picha bado sikubaliani nako. Ila yule Pesci na kofi lake, na watu kucheka, hapo nimekuelewa.